Kuichinja Land Rover ya Baba

Kuku wa mama hutagia mahali ulipokuwa usukani wa Land Rover. Wamezoea hivyo kwa miaka mingi, hata mama akitaka yai haendi bandani. Hufungua mlango wa kushoto, ule ambao bawaba zake hulia, akapapasa kwenye manyoya na majani makavu pale ilipokuwa ikikaa miguu ya baba. Gari limekaa nyuma ya nyumba yetu, upande wa Kasuku hapa Kindu, nchini Kongo, chini ya mwembe. Zamani lilikuwa la kijani. Sasa lina rangi ya kila kilicholiangukia: utomvu, majani, mavi ya ndege.

Mdogo wangu wa kike anataka kujenga vyumba viwili vya kupangisha, na uwanja uliobaki ni huo wa mwembeni. Kwa hiyo, baada ya kulipita gari hilo zaidi ya miaka 20 tukienda msalani na kurudi, imetubidi tulitazame. Njia zilikuwa mbili: kulifufua au kulichinja. Ndivyo wasemavyo mafundi: gari likivuliwa na kuuzwa kipande kimoja kimoja, limechinjwa. Watu wa pwani huviita vipande hivyo spea. Sisi tuliolelewa na Kifaransa cha Wabelgiji twaviita pyesi.

Nilimwita fundi mmoja mzee, aliyeanza kufungua injini tangu enzi za Zaire. Alilizunguka gari mara moja bila kutia neno. Kisha akachuchumaa, akatoa nyundo ndogo, akaanza kuigonga shasi kutoka mbele kwenda nyuma, sikio amelitega kama mganga asikilizaye kifua cha mgonjwa. Mbele chuma kililia kama kengele. Alipokaribia mahali pa gurudumu la nyuma sauti ikabadilika, ikawa ya mtu anayegonga boga. Akachukua bisibisi, akasukuma. Ikazama mpaka kwenye mpini.

“Mwalimu,” akaniambia, “juu una gari. Chini huna.”

Sijasoma maelezo ya Land Rover yaliyo mafupi na ya kweli kuliko hayo. Gari hilo lilipoonyeshwa mara ya kwanza mjini Amsterdam, tarehe 30 Aprili 1948, Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kiligawiwa kwa kibali. Alumini ndiyo iliyopatikana. Basi waundaji wakalivisha gari mabati ya alumini, ambayo hayashiki kutu, wakayafunga juu ya shasi ya chuma, ambayo huishika. Shasi yenyewe ni kama sanduku refu la mabati yaliyochomelewa, tupu ndani. Tope la barabara huingia kwa vitundu, maji hutuama humo, na kutu hufanya kazi yake mahali ambapo jicho halifiki. Kutu haiji kutoka nje kama vumbi. Ni chuma chenyewe kilichokutana na maji na hewa, kikavimba, kikamomonyoka. Na hapa Maniema, ambako miezi isiyo na mvua inahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, maji hayakosekani.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Land Rover ni methali hiyo iliyotiwa magurudumu.

Baba alikuwa dereva wa kampuni moja ya madini ya bati huko upande wa Kalima. Oktoba 1985 bei ya bati iliporomoka duniani, baada ya Baraza la Kimataifa la Bati, lililokuwa likiishikilia bei hiyo kutoka London, kuishiwa fedha. Sisi watoto hatukuijua London. Tulijua tu kwamba mshahara ulianza kuchelewa, kisha ukawa unakuja nusu, kisha ukawa hadithi. Mwaka 1987 baba aliachishwa kazi, na badala ya malimbikizo yake akapewa gari alilokuwa akiliendesha: Land Rover ndefu ya dizeli, ile ya inchi 109 kutoka ekseli hadi ekseli. Mama hasahau kwamba siku hiyo alitumwa sokoni kukopa mchele, kwa sababu mwenye gari hakuwa na fedha ya kununua kikombe kimoja.

Lakini gari lilitulipa. Baba alilipeleka Kasongo na kulirudisha, likibeba mpunga, mafuta ya mawese, masista, wagonjwa na majeneza. Kindu mto Lualaba hauna daraja. Anayetoka Kalima au Kasongo hufika Alunguli akasimama, akasubiri kivuko. Mdogo wangu huyu anayetaka kujenga vyumba alizaliwa kwenye kiti cha nyuma cha Land Rover hiyo, katika foleni ya kivuko, kivuko chenyewe kikiwa ng'ambo. Nilipomkumbusha alicheka, akasema ndiyo maana anataka chumba chenye mlango unaofunga.

Mapema mwaka 1997, vita vya waasi wa AFDL vilipokuwa vikija, habari zilitangulia kwamba askari wa serikali wanaorudi nyuma wanachukua kila chenye magurudumu. Baba hakungoja kuona. Usiku mmoja alifungua magurudumu yote akayapandisha darini. Pampu ya dizeli aliizamisha kwenye pipa la mawese. Nozeli nne alizifunga katika kitenge cha mama, zikalala sandukuni kama vito vya bibi harusi. Usukani aliutundika jikoni, kando ya ungo. Askari walipokuja waliona kopo lililokaa juu ya matofali, wakalitukana, wakapita. Mwishoni mwa Februari Kindu ilibadilisha wenyewe, na mji ulipotulia baba alirudisha kila kitu mahali pake. Gari likawaka.

Mwaka uliofuata vita vikarudi. Baba akalivua tena, kwa mpangilio uleule, pampu katika mawese na nozeli katika kitenge. Oktoba 1998 Kindu ikaingia mikononi mwa waasi wa RCD. Gari liliokoka mara ya pili. Safari hii hakulirudisha.

Nimeishi na kisa hicho miaka mingi bila kukielewa, mpaka siku fundi aliponipa ile bisibisi niishike mwenyewe. Kumbe Land Rover ya baba iliokoka kwa kuchinjwa. Vita havikuiua. Iliyoiua ni miaka ya kungoja iliyofuata, tena mingi yake ilikuwa miaka ya amani.

Sababu za kungoja zilikuwepo, tena nzuri. Barabara ya Kasongo ilikuwa ya wenye bunduki. Dizeli ilikuja kwa ndege, na bei yake ilipanda kwa ndege vilevile. Biashara ilihamia kwenye baiskeli. Vijana wa toleka, yaani hao wa baiskeli, walisukuma chumvi na sabuni mamia ya kilomita kwenye vijia ambavyo gari lisingepenya. Jioni baba alikaa kwenye kiti chake cha mwanzi, analitazama gari, anasema: barabara ikifunguka. Mwaka 2004 treni ilipofika tena Kindu kutoka kusini, mji mzima ulikwenda stesheni kushangilia. Baba alirudi nyumbani akaliosha gari lote kwa sabuni. Tukadhani sasa atashusha magurudumu. Akasema tungoje kwanza matairi mapya, haya ya darini yamekauka. Alifariki mwaka 2011, na pampu bado imo kwenye mawese.

Yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, anaishi Liège, Ubelgiji. Aliondoka mwaka 1996, kabla ya mara ya kwanza ya kuvuliwa, kwa hiyo Land Rover anayoikumbuka inatembea. Hajawahi kuwaona kuku. Aliposikia habari ya vyumba alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika saba, na baadaye picha: gari kama letu, la miaka ileile, limepakwa rangi mpya, limesimama kwenye maonyesho, watu wanapanga mstari kupiga nalo picha. “Ndugu yangu, hicho si chuma chakavu,” alisema. “Kile ni kitu cha historia. Hapa watu wanalia wakikiona.”

Kwa upande wake, hajakosea. Tarehe 29 Januari 2016 kiwanda cha Solihull kilitoa gari la mwisho la ukoo ule ulioanza 1948, na mwaka huohuo kampuni yenyewe ikaanza kuyatafuta makopo ya zamani, kuyavua hadi shasi na kuyarudisha upya, kwa wateja wanaolipa makumi ya maelfu ya pauni. Marekani nako wanayo mapenzi hayo kwa Mustang na Camaro za miaka ya 1960, magari yenye injini kubwa kuliko haja, yaliyoundwa kwa mbio na mngurumo. Mtu hulikuta moja ghalani, sakafu imeliwa na kutu, panya wamezalia kwenye viti, naye huulizana na mkewe swali letu hilihili: tulifufue au tulichinje? Ila kwao swali lina mto wa kulalia. Gari likichinjwa kule, mlango wake unakwenda kuwa mlango wa gari jingine la aina ileile, na boneti inakuwa boneti. Moja hufa ili jingine litembee, na mwenye kuuza hulala akijua kwamba jina halijapotea barabarani.

Kindu hakuna jingine. Toyota zimechukua nchi, za mashirika, za serikali, za wafanyabiashara, na hakuna boliti ya Land Rover ya baba inayoomba kazi katika Toyota. Nilimweleza yaya hivyo. Akanijibu kwamba shasi mpya, iliyopakwa zinki isishike kutu, bado inatengenezwa Uingereza, na yeye yuko tayari kuchangia nusu.

Usiku huo nilikaa na ramani ya darasani nikaisindikiza shasi hiyo safari yake. Meli mpaka Dar es Salaam. Reli mpaka Kigoma. Meli ndogo kuvuka Tanganyika mpaka Kalemie. Reli tena mpaka Kabalo, halafu kaskazini kupitia Kongolo mpaka hapa. Si njia ya kubuni. Kwa mkataba wa 1921 Wabelgiji walijipatia gati lao Dar es Salaam na Kigoma kwa ajili ya mizigo ya Kongo, na reli ya Kongolo hadi Kindu ilikuwa imekwisha kujengwa tangu 1910. Baba alikuwa akituambia kwamba magari ya wazungu wa bati yalipitia huko. Kwenye ramani njia ipo nzima, imechorwa kwa wino mweusi. Ardhini, nilipoanza kuhesabu vituo, siku za kungoja kila kituo na mikono ya kuilipa, niliifunga ramani kabla sijafika Kabalo.

Wakati huohuo habari zilikuwa zimetoka. Kindu ni mji ambao siri ya kopo haikai wiki.

Wa kwanza kuja alikuwa mtengeneza sufuria. Kazi yake ni kununua alumini chakavu, kuiyeyusha kwa makaa na kuimimina katika kalibu ya mchanga. Sufuria nyingi zinazopika fufu katika mji huu zimepita mikono ya watu kama yeye, na nyingi zilikuwa pistoni. Alipapasa boneti kwa kiganja kama mtu anayenunua kitambaa. Alitaka mabati yote ya juu.

Wa pili alikuwa mhunzi. Hakutazama mwili wa gari hata kidogo. Aliinama moja kwa moja kwenye springi, zile tabaka za chuma zilizopindwa kama upinde. Chuma cha springi kimeundwa kijikunje na kurudi, na ukikipasha moto ukakifua vizuri kinashika makali kuliko chuma cha dukani. Alihesabu tabaka, akafunga hesabu kichwani: mapanga mangapi, mashoka mangapi.

Wa tatu alivuka mto kutoka Alunguli. Ana mashine ya kukoboa mpunga ambayo injini yake ndogo ya Kichina imemfia mara mbili. Mpunga ulishamiri Maniema katika karne ya 19, ulipokuja na misafara ya waungwana wa pwani, watu wa akina Tippu Tip, ambao hawakuja kwa wema, walibeba pembe na watu wakaacha makaburi. Lakini walituachia wali, na walituachia lugha hii ninayoiandika. Mwenye mashine alitaka injini. “Kama inazunguka,” alisema, “hata ikilia kama mbuzi nitaichukua.”

Walipoondoka nilikaa kwenye kiti cha mwanzi cha baba. Panga la kufyekea shamba la mpunga, injini ya kuukoboa, sufuria ya kuupika. Nyumba ya mtu ingeweza kula kwa gari hili moja, tangu kufyeka mpaka kupakua. Huko Liège na Detroit gari likichinjwa linabaki katika dunia ya magari. Hapa kwetu linatoka humo na kuingia jikoni.

Nilimwendea mama. Yeye ni Mrega wa Pangi, na baba yake alipanda ngazi za Bwami, kile chama cha hekima ambacho serikali ya kikoloni ilikipiga marufuku mwaka 1948, mwaka uleule wa Land Rover ya kwanza. Wenye cheo cha juu, kindi, walishika vinyago vidogo vya pembe. Mtu akifariki, kinyago hakikugawiwa kama mbuzi wa urithi. Kiliwekwa mpaka apatikane wa ukoo aliyepanda ngazi ile, akabidhiwe, afundishwe maneno yake. Na kila kilipotolewa kilipakwa mafuta, kikasuguliwa, kikashikwa, ndiyo maana vile vya zamani vina mng'ao wa asali. Vingi sasa vimo kwenye makabati ya vioo ya makumbusho, Tervuren na kwingineko. Yaya aliwahi kwenda kuvitazama. Aliniambia vimetunzwa vizuri sana, na kwamba hakuna aliyeruhusiwa kuvigusa.

Nilimuuliza mama kama gari la baba ni kitu cha namna ile, cha kuwekwa mpaka aje mwenyewe.

“Nani amepanda ngazi yake?” akaniuliza. “Wewe unaendesha?”

Siendeshi. Sina hata kibali. Yaya anaendesha, lakini kwenye lami ya Ubelgiji. Mjukuu wa baba aliye mkubwa ana pikipiki, anabeba abiria, na hatamani kitu chenye magurudumu zaidi ya mawili. Kitu cha kukabidhiwa tunacho. Mkono wa kukipokea hatuna. Mama aliendelea kuchambua sombe, kisha akauliza swali lililomhusu yeye: kuku watataga wapi?

Hapo ndipo nilipoyaona makosa yangu. Nilikuwa nimejivika vazi la mwamuzi kati ya yaya aliye mbali na dada aliye na haraka, kumbe mimi ndiye niliyekuwa karibu muda wote. Tangu 2011 ningeweza kuweka bati mbili juu ya gari lile mvua isilipige. Ningeweza kuziba vitundu vya shasi, kumwaga oili chafu ndani, kulikatia majani. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi ufa niliutazama kila asubuhi nikiwa na kopo la maji mkononi. Nilikuwa nikisema simgusii marehemu gari lake. Uvivu ukikaa sana hujifunza kuitwa heshima.

Na si mimi peke yangu. Ukienda stesheni ya Kindu utaona mabehewa yaliyosimama mpaka miti ikaota kati ya magurudumu yake. Hayatengenezwi na hayakatwi. Tumeyaachia njia ya tatu, ambayo haina fundi wala mnunuzi, na ndiyo njia tunayoipenda kuliko zote, kwa kuwa haidai mtu aamke asubuhi na kusema leo. Kufufua ni kazi, kuchinja ni kazi. Kungoja hakuna kazi, ila kutu hailali.

Nilimpigia yaya, nikamwambia tunachinja. Alinyamaza muda mrefu nikadhani mtandao umekatika. Kisha akauliza kama injini inazunguka.

Fundi alirudi. Alichomoa zile nozeli katika kitenge na pampu katika mawese, akaifuta kwa kitambaa. Ilitoka inang'aa kama imetoka dukani jana. Tundu za silinda alizimwagia dizeli iliyochanganywa na oili, akasema tusiguse kwa siku tatu. Siku ya nne aliweka spana ndefu kwenye puli ya mbele, akaniambia nishike naye. Tulivuta. Haikwenda. Tulivuta tena, na kitu ndani kikaachia kwa sauti ya mtu anayekohoa usingizini, ikazunguka robo, ikazunguka nusu. Nilikuwa nimeishika simu wazi kwa mkono wa pili, na Liège yote ilisikia.

Wahenga wa biashara husema mali bila daftari hupotea bila habari. Nilinunua daftari la kurasa 48 nikaandika kila kilichotoka, kimekwenda wapi na kwa nani. Injini na pampu: Alunguli, kwenye mashine ya mpunga. Ilivuka Lualaba ndani ya mtumbwi mkubwa, imefungwa kamba, mara ya kwanza kuvuka bila kusubiri kivuko. Springi: kwa mhunzi, kwa bei ya nusu fedha na nusu mapanga mawili. Mabati ya juu, milango na boneti: kwa mtengeneza sufuria. Giaboksi: ipo darini inangoja mnunuzi, na nimempa muda wa miezi sita; baada ya hapo inauzwa kwa kilo. Shasi haikumfaa mtu. Kibao cha namba ya gari kimekwenda Liège na msafiri, kama yaya alivyoomba. Fedha zote zimeingia kwenye matofali ya vyumba.

Mtengeneza sufuria alimletea mama sufuria moja, zawadi, iliyotokana na mlango wa dereva. Mama anasema inashika moto upesi na wali wa chini unaungua. Kuku wamehamia ndani ya tairi la akiba.